Kufuga nyuki nyumbani Bukoba na Muleba: sheria inasemaje, na jirani ana haki gani?

Kila tunapogusa habari ya asali hewani, simu zinazoingia studio huwa za aina mbili. Ya kwanza ni ya mtu anayetaka kutundika mzinga nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja chake, apate asali ya watoto na fedha kidogo ya matumizi. Ya pili ni ya jirani wa mtu kama huyo. Mbuzi wake amekufa akiwa kwenye kamba, au mtoto amerudi kutoka kuchota maji uso umevimba, naye anauliza: hivi mtu anaruhusiwa kuweka nyuki karibu na nyumba za watu?

Wote wawili wana hoja. Asali ni chakula, ni dawa ya kifua, ni fedha. Lakini nyuki hawajui mpaka wa kibanja, na kundi likichafuka linaweza kuua mtu. Makala hii inaeleza sheria zilizopo, nani anaziandika, na mambo ya kufanya kabla ya kutundika mzinga ili kesho usiitwe kwa mtendaji. Tumeiandika kwa ajili ya Bukoba na Muleba, kwa sababu namna tunavyoishi huku ndiyo inayofanya jambo hili liwe gumu kuliko mikoa mingine.

Kibanja chetu ni kidogo, na watu tuko karibu

Tabora au Katavi mfugaji huingia porini na kutundika mizinga mbali kabisa na kijiji. Kwetu nyumba iko katikati ya migomba na mibuni, na kibanja kimoja kimeshikana na kingine. Mpaka ni mstari wa mimea tu, na njia ya watoto wa shule hupita katikati ya vibanja.

Tupige hesabu kidogo. Ekari moja ikiwa mraba, kila upande una kama mita 63. Nyumba ikiwa katikati, kutoka ukutani hadi mpaka wa jirani ni kama mita 30 tu. Ukitembea mita 200 kwenda upande wowote, umeshapita vibanja viwili vya majirani na uko ndani ya cha tatu. Na wengi wetu kibanja chetu hakifiki hata ekari moja.

Hesabu hiyo ni muhimu kwa sababu katika mafunzo ya ufugaji nyuki kipimo kinachotajwa sana ni mita 200 hadi 300 kutoka kwenye nyumba, shule, barabara na mazizi. Kwa kipimo hicho, vibanja vingi vya Kamachumu, Nshamba, Kashozi au Maruku havina nafasi ya mzinga wa nyuki wanaouma. Wala si kwamba kuna mtu anawaonea wenye vibanja hivyo. Ardhi yenyewe haitoshi.

Nyuki wetu si wale wa kwenye video

Siku hizi vijana wanaona kwenye simu wazungu wakifungua mizinga nyuma ya nyumba bila kuvaa hata glavu, wengine wana mizinga juu ya paa katikati ya mji. Wanauliza: mbona wao wanaweza?

Jibu ni kwamba wale ni nyuki wa Ulaya, waliochaguliwa kwa miaka mingi kwa ajili ya upole wao. Nyuki wetu wa Afrika ni wa jamii hiyo hiyo ya nyuki wa asali, lakini wamekua na maadui wengi: nyegere, siafu, moto wa nyika, na binadamu anayekuja na kienge cha moto. Kwa hiyo wanajilinda haraka, wanatoka wengi kwa mara moja, na wanamfukuza adui kwa umbali mrefu.

Dunia ililijua hilo kwa njia ngumu. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, akitaka kupata nyuki wanaotoa asali nyingi katika nchi ya joto. Mwaka 1957 baadhi ya makundi yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa huko na kusambaa Amerika ya Kusini na ya Kati. Mwaka 1990 walifika Texas, Marekani. Huko walipofika, miji ilianza kuandika sheria kuhusu idadi ya mizinga katika kiwanja kimoja, uzio, maji ya nyuki na umbali kutoka kwa jirani.

Wale walioleta hofu yote hiyo ni uzao wa nyuki kama hawa wetu. Kwa hiyo ukiona mtu kwenye video anacheza na nyuki mikono mitupu, usiige.

Sheria ziko ngazi tatu

Ngazi ya kwanza ni ya nchi nzima. Kuna Sheria ya Ufugaji Nyuki, namba 15 ya mwaka 2002, iliyokuja baada ya Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998. Inasimamiwa na Wizara ya Maliasili na Utalii. Sheria hiyo inautambua ufugaji nyuki kama kazi halali ya kulindwa, na inaruhusu kutengwa maeneo ya hifadhi ya nyuki, yakiwemo ya taifa, ya halmashauri na ya kijiji. Hilo la kijiji tutalirudia, maana huenda ndilo jibu letu.

Misitu ya serikali iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Usitundike mzinga humo bila kibali. Na ndani ya hifadhi ya taifa, kama Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019 na kuchukua pia sehemu ya Muleba, kutundika mizinga hakuruhusiwi.

Ngazi ya pili ni ya halmashauri: Manispaa ya Bukoba, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba. Kila moja ina baraza la madiwani lenye uwezo wa kutunga sheria ndogo, na madiwani wanaweza kuweka humo masharti ya kufuga wanyama na nyuki katika makazi. Kwa hiyo mtu wa Kemondo na mtu wa Kamachumu hawaongozwi na karatasi moja, ingawa wote ni wa Kagera.

Ngazi ya tatu ni ya kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), namba 7 ya mwaka 1982, inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hapa ndipo umbali wa mzinga kutoka nyumba ya mtu unapoweza kuandikwa kwa mita, pamoja na faini yake.

Wengi wetu tunadhani sheria ni kitu kinachotoka Dodoma. Kwenye jambo la mzinga na jirani, sehemu kubwa ya sheria mnaweza kuiandika nyinyi wenyewe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji kisipoandika, ugomvi unabaki kuamuliwa kwa sauti: anayepiga kelele zaidi ndiye anayeshinda.

Kama hakuna sheria ndogo, je, kila mtu afanye anavyotaka?

Hapana. Hata pale ambapo kijiji hakijaandika lolote kuhusu nyuki, mwenye mzinga bado anawajibika. Nyuki wake wakimdhuru mtu au mifugo, na ikaonekana alizembea, kwa mfano aliweka mzinga kando ya njia ya shule au alirina mchana watu wakiwa shambani, anaweza kudaiwa fidia mahakamani. Kanuni ya Adhabu nayo inatambua kosa la kufanya jambo kwa uzembe unaohatarisha maisha ya watu, pamoja na la kuacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwako.

Upande wa pili nao una mipaka. Jirani aliyekasirika haruhusiwi kwenda usiku kuchoma mzinga wa mwenzake au kuumwagia dawa. Kuharibu mali ya mtu ni kosa, hata kama mali hiyo inakuuma. Na moto wa usiku kwenye migomba mikavu unaweza kuchukua nyumba ya asiyehusika.

Mtu wa mjini naye

Wasikilizaji wa Manispaa ya Bukoba wanatuuliza sana, hasa wa kata kama Kitendaguro, Ijuganyondo na Buhembe, ambako bado kuna migomba na mtu anajiona yuko kijijini. Kumbuka kwamba ukiwa ndani ya manispaa, kiwanja chako kinaweza kuwa kimepimwa na kupangiwa matumizi. Kiwanja cha makazi ni cha kuishi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 nayo inampa afisa afya uwezo wa kuchukua hatua juu ya jambo linalohatarisha afya ya majirani.

Kwa hiyo mjini anza na mtendaji wa mtaa na afisa afya kabla hujampigia fundi wa mizinga. Kwa nyuki wanaouma, ushauri wetu ni mfupi: usiwaweke kwenye kiwanja cha makazi mjini. Watoto ni wengi, bodaboda zinapita, na siku ya msiba au harusi watu mia wanakaa uani kwa jirani na muziki juu.

Basi mizinga iende wapi?

Iende rweya, iende kwenye misitu ya kupandwa, iende kwenye mabonde yasiyo na nyumba. Karibu kila kijiji chetu kina rweya, ile nyika ya majani nje ya vibanja, na siku hizi watu wengi wamepanda humo misindano na mikaratusi. Mkaratusi ukichanua nyuki wanaupenda sana.

Lakini rweya nayo ina mwenyewe. Kuna ya ukoo, kuna ya mtu binafsi, na kuna ya kijiji. Kama ni ya mtu, andikeni makubaliano hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwandike mizinga mingapi, kwa muda gani, na mwenye ardhi atapata nini wakati wa kurina.

Kama ni ya kijiji, hapo ndipo ile hifadhi ya nyuki ya kijiji inapokuja. Badala ya watu ishirini kila mmoja kuficha mzinga mmoja nyuma ya nyumba, kijiji kinaweza kutenga eneo moja la manzuki. Kila mwenye mzinga anatundika huko, kunakuwa na ulinzi wa zamu, na mavazi ya kinga mnayanunua ya kushirikiana. Kikundi kilichosajiliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii kinaweza pia kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Jinsi kijiji kinavyoandika sheria ndogo ya nyuki

Utaratibu ni huu. Halmashauri ya Kijiji inaandaa rasimu. Rasimu inapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kusema. Baada ya maoni, Halmashauri ya Kijiji inaipitisha na kuipeleka Halmashauri ya Wilaya ikaidhinishwe. Ikishaidhinishwa ndipo inakuwa sheria.

Angalia hapo. Karatasi ambayo haijaidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya haiwezi kutumika kumtoza mtu faini. Ukiambiwa ulipe, omba kuonyeshwa sheria ndogo yenyewe, na dai stakabadhi ya serikali. Faini ya mkononi isiyo na risiti usiilipe.

Kama kijiji chako kinataka kuandika, haya ndiyo mambo ambayo tungependa yasikosekane:

1. Umbali kwa mita kutoka nyumba, shule, zahanati, nyumba za ibada, njia kuu, visima na mazizi. Msiandike "mbali kidogo", maana kila mtu ana mbali yake.
2. Idadi ya mizinga kwa eneo moja.
3. Muda wa kurina, na lazima ya kuwapa taarifa majirani kabla.
4. Jina la mwenye mzinga liandikwe kwa mtendaji, na alama yake iwe kwenye mzinga. Mzinga usio na mwenyewe ukileta madhara hakuna wa kuulizwa.
5. Katazo la kurina kwa kienge cha moto. Moto huo ndio unaounguza rweya na misitu ya watu kila kiangazi.
6. Masharti tofauti kwa nyuki wadogo wasiouma.
7. Muda wa kuhamisha mizinga iliyokuwepo tangu zamani. Mzee aliyerithi mzinga kwa baba yake hawezi kuambiwa auondoe kesho asubuhi.
8. Faini, na namna ya kumlipa aliyepata hasara.

Kabla ya kuandika umbali, mwiteni Afisa Nyuki wa halmashauri, yule tunayezoea kumwita bwana nyuki, aje atembee nanyi. Ofisi yake iko makao makuu ya halmashauri. Yeye ataona mwelekeo wa upepo, mabonde na vyanzo vya maji ambavyo kwenye karatasi havionekani.

Ukishapata eneo, weka hivi

Mlango wa mzinga usielekee njia wala nyumba. Nyuki wanatoka wakiwa chini na kunyoosha moja kwa moja; anayekatiza mbele ya mlango ndiye anayegongana nao. Ukipanda ua mnene unaofika mita 2 hivi mbele ya mzinga, wanalazimika kupaa juu na kupita juu ya vichwa vya watu.

Weka maji karibu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti nyuki wasipopata maji kwako watayafuata kwenye bomba la kijiji, kwenye ndoo za akina mama na kwenye chombo cha ng'ombe wa zizini. Beseni lenye maji na vijiti vya kuelea ili wasizame linatosha, ila lisikauke.

Paka grisi au oili chafu kwenye nguzo au waya unaoshika mzinga ili siafu wasipande. Kundi lililovamiwa na siafu linahama likiwa na hasira, na huenda likaangukia darini kwa mtu.

Rina jioni, jua likizama, ukiwa na bomba la moshi na mavazi ya kinga, na usiwe peke yako. Waambie majirani tangu asubuhi: leo jioni tunarina, ingizeni mbuzi, watoto wakae ndani. Salamu hiyo inazuia kesi nyingi.

Na jambo moja ambalo sisi wa nchi ya migomba tunapaswa kulijua kuliko watu wote. Nyuki akiuma, mwili wake unatoa harufu ya kuwaita wenzake waje kushambulia, na harufu hiyo inafanana sana na ya ndizi mbivu. Kwa hiyo usiende kwenye mzinga ukiwa umetoka kumenya ndizi mbivu, na usiweke mzinga karibu na mahali pa kukamulia rubisi. Maji matamu ya ndizi peke yake yanavuta nyuki. Ukiongeza kelele, watu wengi na harufu hiyo, unajitafutia balaa.

Wanaofaa kukaa nyumbani: nyuki wadogo

Kwa mwenye kibanja kidogo bado lipo jibu. Kuna nyuki wadogo wasiouma, wale wanaoonekana kama inzi wadogo weusi, wanaojenga kwenye tundu la mti, kwenye ufa wa ukuta au chini ya ardhi. Hawana mwiba wa kuuma. Ukiwachokoza watakuganda kwenye nywele na masikio, wakusumbue, basi.

Asali yao ni kidogo ukilinganisha na ya nyuki wakubwa, lakini inathaminiwa sana kama dawa na bei yake iko juu. Kisanduku chao kidogo kinaweza kukaa chini ya paa la nyumba bila kumsumbua jirani. Ukitaka kuanza, usikate mti wenye kundi ili kupata asali ya siku moja. Muulize bwana nyuki namna ya kuwahamishia kwenye kisanduku wakiwa hai.

Kwa nini tusiseme tu "nyuki waondoke"

Wako wanaotuambia dawa ni kuwafukuza nyuki wote. Tunawaomba wafikirie kahawa. Kahawa yetu ya Robusta ina tabia yake: mbuni mmoja haujichavushi kwa chavua yake wenyewe, unahitaji chavua ya mbuni mwingine. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na upepo, na sehemu hufanywa na nyuki na wadudu wengine. Maua ya kahawa yanachanua siku chache tu baada ya mvua. Nyuki wakiwepo siku hizo, ni faida ya kila mwenye mbuni, si ya mwenye mzinga peke yake. Parachichi nalo linawahitaji.

Waliolima vanila wanaujua uchungu wa kukosa mdudu wa kuchavusha. Vanila yetu tunaichavusha kwa mkono, ua moja baada ya jingine, kila asubuhi. Tusifike mahali pa kuichavusha kahawa hivyo.

Ndiyo maana jirani naye ana wajibu. Unapopulizia dawa, usipulizie mimea iliyo kwenye maua, na pulizia jioni nyuki wakiwa wamerudi. Mwambie mwenye mizinga siku moja kabla. Dawa inayopuliziwa saa nne asubuhi kwenye maua inaweza kumaliza kundi zima, na hiyo pia ni hasara ya mtu.

Nyuki wakihamia kwako, au mzinga wa jirani ukikutisha

Kundi likitua kwenye mti au darini, usilirushie mawe wala usiwashe moto. Kundi lililo safarini likining'inia mtini mara nyingi huondoka lenyewe baada ya siku moja au mbili. Likiingia darini au ukutani, waondoe watoto na mifugo upande huo, mwambie mwenyekiti wa kitongoji, na muite bwana nyuki au mfugaji mwenye mavazi. Mwenye mizinga anaweza kukushukuru, maana wewe unaondokana na hatari na yeye anapata kundi.

Kama ni mzinga wa jirani, anza na jirani mwenyewe, mchana, ukiwa huna hasira. Ikishindikana, mwenyekiti wa kitongoji. Kisha mtendaji wa kijiji, ambaye anaweza kumuita bwana nyuki aje apime umbali. Kisha Baraza la Kata, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Mahakama iwe ya mwisho. Kila hatua iandikwe, na kama kuna mbuzi aliyekufa au mtu aliyetibiwa, tunza picha na karatasi za hospitali.

Wakishambulia

Kimbia. Usipunge mikono, usilale chini, usiingie majini kujificha. Funika uso kwa nguo na ukimbie mpaka uingie ndani ya nyumba, ufunge mlango. Kama kuna mnyama amefungwa na kisu kiko mkononi, kata kamba ukipita, usirudi kumfuata.

Ukishakuwa salama, ondoa miiba haraka kwa kuikwangua kwa kucha au kitu chembamba, kwa sababu mwiba uliobaki unaendelea kuingiza sumu. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi.

Nenda hospitali mara moja kama mtu anashindwa kupumua, uso au ulimi unavimba, anatapika, anaishiwa nguvu au kuzimia, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu. Aliyeumwa na nyuki wengi apelekwe hata kama anasema yuko sawa, hasa mtoto, mzee au mjamzito. Shambulio likiwa kubwa, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kwa ufupi, kabla hujatundika

Pima kwanza. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni kama mita moja. Hesabu kutoka mzinga hadi nyumba ya karibu, yako na ya jirani. Nenda kwa mtendaji uulize kama kuna sheria ndogo, na uombe kuiona. Mpigie bwana nyuki aje aone eneo. Ongea na majirani kabla mzinga haujafika, si baada ya mtu kuumwa. Kama nafasi haitoshi, peleka mizinga rweya, au anza na nyuki wadogo.

Na mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, nenda. Kwenye "mengineyo" nyoosha mkono, uliza: sheria yetu ya nyuki iko wapi? Kama haipo, hapo ndipo mahali pa kuianzisha, mwenye mzinga na mwenye mbuzi wakiwa wamekaa kwenye benchi moja.